Sura ya Saba: Nani Alijibu Chuma?

Meneja wa kiwanda cha mbao aliipiga meza kofi hadi vikombe vikaruka kama vinatafuta pa kukimbilia. Hakuna aliyeshtuka. Watu waliokula ujana wao mbele ya msumeno hawatishwi na kiganja.

"Nimewapa kila mlichotaka," alisema. "Kinga ya chuma kwenye msumeno, mmepata. Kufuli kwenye swichi, mmepata. Mimi naomba jambo moja tu. Mtie saini kwamba Mzee Gogo alikosea, akauwasha msumeno mtu akiwa shimoni. Kesho kazi ianze. Ugumu uko wapi?"

"Ugumu uko kwenye hilo jambo moja," alijibu Mama Vanishi, msemaji wa wafanyakazi, mwanamke mpana ambaye vidole vyake viligeuka rangi ya chai kwa kupaka mbao vanishi maisha yake yote. "Unatupa kofia, unataka kichwa."

Nyuma kabisa, karibu na dirisha, Afande alikuwa amekalia kiti kilichovunjika mgongo, hasira imempanda hadi kwenye kope. Mitaani walimwita Kobe, kwa kuwa hakimbii na haachii. Inasimuliwa kwamba aliwahi kumfuata mwizi wa baiskeli kwa miguu, polepole, siku nzima, hadi mwizi mwenyewe akachoka kukimbizwa namna ile, akageuza baiskeli, akaja kumwuliza kama angependa kupakiwa. Wafanyakazi walikuwa wamegoma, na walikataa kuja kwenye mazungumzo haya bila yeye kuwepo kama shahidi. Meneja alikubali upesi mno. Alijua mkubwa wa Afande alitaka faili lifungwe siku hiyo hiyo, Mzee Gogo apelekwe mahakamani, watu waendelee na maisha.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi na kibaya. Chini ya msumeno mkubwa kuna shimo ambamo unga wa mbao huanguka. Msumeno ukizimwa, mtu hushuka na koleo kuuzoa. Kabla ya kuuwasha tena, mwendeshaji hugonga kipande cha reli kinachoning'inia karibu na swichi. Aliye chini, akishatoka, hugonga cha kwake mara mbili. Kama hajatoka, hupaza sauti: "Bado." Sheria hiyo haikuandikwa popote, na ilikuwa na umri mkubwa kuliko meneja.

Siku ya ajali Mzee Gogo aligonga, kisha akawasha, na kijana aliyekuwa shimoni hakutoka mzima. Kiwandani walimwita Mkwe, maana alikuwa amemwoa binti wa huyo huyo Mzee Gogo. Wenzao wote walikuwa nje wakishusha magogo. Ndani ya banda alikuwepo mtu mmoja mwingine tu, nyapara, aliyekuwa amesimama kwenye jukwaa lake kule juu.

"Niligonga, akajibu, nikawasha," ndivyo Mzee Gogo alivyoandikisha polisi. Hakuongeza neno wala kupunguza, hata walipomzungusha kwa maswali hadi koo la muulizaji likakauka.

Asubuhi hiyo Afande alikuwa amewarudisha bandani, umeme umekatwa, warudie yale ya siku ile. Aliyeshushwa shimoni alikuwa Mtaalamu, kijana mtanashati aliyeletwa kutoka makao makuu kwa sababu amesomea kuwatambua waongo kwa miili yao, na ambaye alijigamba kwamba angeweza kumsoma mtu hata akiwa amelala na kujifunika blanketi. Aliingia shimoni na suti yake. Aliagizwa asijibu kitu. Mzee Gogo akagonga reli. Kule chini kimya. Mzee akainua macho juu kama mtu anayeomba dua, akangoja. Jukwaani nyapara alikuwa akiwatazama huku vizibo vyake vyekundu vya masikio vikining'inia shingoni. Akainua mkono kujipangusa jasho.

"Amejibu," alisema Mzee Gogo, na kiganja chake kikashuka kwenye swichi.

Mtaalamu aliibuka kutoka shimoni mweupe kama andazi lililoanguka kwenye unga. "Mwongo," alisema. "Sikugonga hata kwa kucha."

Basi Mzee Gogo ndiye mwongo waliyekuja naye mezani. Alikuwa amekaa mbele, karibu na nyapara, wote wawili wakimtazama meneja, migongo yao ikielekea dirishani. Nyuma yao zilikuwa benchi za wafanyakazi. Mwisho wa benchi moja alikaa binti yake, mjane, katika nguo nyeusi. Palikuwa na nafasi karibu na baba yake, naye alikuwa ameikataa.

"Tumsikilize nyapara," alisema meneja. "Yeye alikuwepo."

Nyapara aliweka kiganja nyuma ya sikio. "Ati?"

"Waeleze ulichosikia siku ile," meneja alipaza sauti.

"Aa. Ndugu zangu, mimi sikusikia kitu. Masikio yangu yaliliwa na msumeno ule. Hata mke wangu akitaka tugombane, lazima kwanza anipige kofi nigeuke." Watu wengine walitabasamu bila kutaka. "Nilikuwa nahesabu mbao. Kama Mkwe alisema 'bado', wa kusikia si mimi. Aliyepaswa kusikia ni mwendeshaji. Na Mkwe naye, Mungu amrehemu, mara ngapi nilimwambia asizembee mle shimoni? Sikio la kufa halisikii dawa."

Mama Vanishi alisimama hadi kiti kikaanguka nyuma yake. "Rudia. Rudia hiyo methali mbele ya mke wake."

"Ati?" nyapara aliuliza, kiganja kikirudi sikioni.

"Kaa chini, mama," alisema meneja. "Mzee Gogo, wewe una la kusema?"

Mzee alikuwa akimkazia meneja macho, tena siyo machoni, mdomoni. Alianza kutikisa kichwa kukubali kabla meneja hajamaliza. "Ni kama nilivyosema. Niligonga, akajibu."

"Unadanganya," alisema mjane kutoka nyuma. Sauti yake haikuwa kubwa. "Mume wangu hakuwa mjinga agonge mara mbili akiwa bado yuko chini ya meno ya chuma. Na siku ya mazishi nilikufuata mlangoni, baba. Nilikuuliza, ilikuwaje? Ukanipa mgongo, ukaenda zako."

Mzee Gogo hakugeuka. Aliendelea kumtazama meneja na kutikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesifiwa.

"Mnamwona?" alisema mjane. "Hata leo."

Benchi zikanguruma. Mtu mmoja alitema neno ambalo haliandikiki. Meneja, aliyeona mambo yanamnyookea, aliisukuma karatasi ya makubaliano katikati ya meza na kutangaza mapumziko mafupi, watu wapoe. Hakuna aliyepoa.

Kwenye ukumbi mwembamba wa nje, Mtaalamu alikuwa bado anakung'uta unga kwenye mikunjo ya suti.

"Afande, imekwisha," alisema. "Mzee hatazami macho, anatazama midomo. Anakubali kabla swali halijaisha. Wenzake wakicheka, yeye anacheka baadaye. Ana kitu anaficha, naweza kuapa."

"Hata mimi naweza kuapa. Anaficha nini?"

"Kwamba hakujibiwa."

"Mtu anayejua hakujibiwa hangoji," alisema Afande. "Asubuhi alingoja, mimi nilikuwa ubavuni pake. Alipogonga aliinama kusikiliza shimoni?"

Mtaalamu alifikiri. "Mimi nilikuwa ndani ya shimo, Afande. Kwa amri yako."

"Hakuinama. Aliangalia juu." Alivuta pumzi kwa pua, namna yake ya kuzuia kutukana. "Tuliache hilo. Nyapara umemsoma vipi?"

"Yule ni kiziwi tu, maskini. Kila kitu chake kinafanana na maneno yake."

"Vile vizibo vyekundu anavaa vya nini?"

"Kulinda masikio."

"Yapi? Si amesema yameshaliwa?"

Mtaalamu aliacha kujikung'uta.

"Wenzake wote wanaziba kwa vipande vya matambara," Afande aliendelea. "Yeye peke yake ana vizibo vya dukani, na vimechakaa kwa kuvaliwa. Na msumeno siku ile ulikuwa umezimwa. Banda lilikuwa kimya, panya angekohoa ungemsikia. Mtu akisema 'bado' mle ndani, anayekosa kusikia lazima awe kiziwi kweli. Sasa nataka nijue kiziwi ni nani."

"Kuna jambo moja tulifundishwa," alisema Mtaalamu, safari hii bila majigambo. "Mdomo umeenda shule, mikono imeenda shule, uso ndio kabisa una digrii. Miguu haijasoma. Mtu akishtuka, miguu hutangulia."

"Hilo umelipata vizuri. Tukirudi, simama ukutani, utazame miguu ya nyapara. Paa likianguka, wewe tazama miguu."

Waliporudi, meneja alikuwa ameshaifungua kalamu. Hata hakukaa. Alikuwa akieleza kwamba asiyetia saini asije akalia kesho akikuta geti limefungwa, kwamba wateja hawangoji msiba wa mtu, kwamba mbao zina ahadi zake. Mama Vanishi alikuwa amekunja mikono. Nyapara alitazama dari. Mzee Gogo alitazama mdomo wa meneja na kutikisa kichwa: ndiyo, ndiyo.

Afande alipita nyuma ya benchi hadi dirishani. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayemwambia jirani kwamba mvua inakuja.

"Mzee Gogo, mwanao ameanguka."

Chumba kizima kiligeuka. Benchi zililia, mtu alimwaga chai, meneja aliachia sentensi yake hewani. Nyapara naye aligeuka, mkono ukiwa tayari kwenye mgongo wa kiti. Mjane, mzima kabisa, alishangaa kuona nyuso zote zikimtazama yeye.

Nyuso zote ila moja. Baba yake aliendelea kuutazama mdomo wa meneja, uliokuwa wazi bila neno, na kwa sababu haukuwa na neno hakujua la kukubali. Akatabasamu kidogo, kwa adabu.

"Baba," alisema mjane.

Mzee hakugeuka.

"Baba." Safari hii alipiga kelele. Mama Vanishi, aliyekuwa upande wa pili wa meza na aliyemwona mzee usoni, alijishika mdomo kwa vidole vyake vya rangi ya chai.

"Mungu wangu," alisema. "Huyu hasikii."

"Hasikii, na anaona haya," alisema Afande. "Lakini wewe nyapara, umegeuka upesi."

Nyapara alikwisha kurudisha kiganja sikioni. "Ati? Niliona wenzangu wamegeuka."

"Wenzako wako nyuma yako."

Nyapara alimnyooshea meneja kidole. "Nilimwona meneja akitazama huko."

"Miguu ilitoka chini ya kiti kabla meneja hajainua macho," alisema Mtaalamu kutoka ukutani, uso wake mkavu. "Miguu yote miwili."

"Huyu mtoto anasema nini?" nyapara alimwuliza meneja. "Naona midomo inacheza tu."

"Basi, yaishe," alisema Afande. "Tumsamehe. Geuka, uketi."

Nyapara alimgeukia meneja, mabega yakashuka. Wengine walianza kunung'unika. Mjane alikuwa amesimama wima, hajui aende mbele au atoke nje. Afande alibaki pale pale nyuma, na sauti yake ikawa ndogo zaidi. Hakuwa anaongea na nyapara. Alikuwa anamwambia Mtaalamu, kwa dharau ya wazi, kama wanaoteta.

"Nilikosea kumshuku. Mtu kama yule hawezi kuua hata siafu. Nimeuliza kiwanda kizima, wote wanasema nyapara ni pambo. Wamempandisha jukwaani kama sanamu ya kutishia ndege, anapungapunga mikono siku nzima, hakuna anayemjali. Mwenye amri ya msumeno ni Mzee Gogo. Anawasha akitaka, anazima akitaka."

Shingo ya nyapara ilianza kuvimba.

"Mama Vanishi amesema ni kama anafukuza nzi," aliongeza Afande.

"Msumeno ule hauwaki bila mkono wangu," alisema nyapara.

Alilisema kwa meno, bila kugeuka, bila kuweka kiganja sikioni. Kisha akalisikia mwenyewe.

"Makubwa," alisema Mama Vanishi. "Masikio yamepona. Tumwite daktari aje ajifunze."

Afande alizunguka meza polepole, akasimama mbele ya nyapara, na sasa hasira aliyokuwa ameifungia tangu asubuhi ilimtoka ikiwa baridi.

"Mzee anagonga reli. Hasikii jibu, kwa hiyo anakuangalia wewe. Ukiinua mkono, anawasha. Mmefanya hivyo kwa muda gani?"

"Nilimsaidia," alisema nyapara. "Wangejua, angefukuzwa siku hiyo hiyo. Nilimfichia uziwi wake kama ndugu. Mwulizeni."

"Na yeye akakufichia mkono wako. Siku ile Mkwe alisema nini kutoka shimoni?"

Nyapara alimtazama meneja. Meneja alikuwa anatazama kalamu.

"Nimekuuliza alisema nini."

"Alisema 'bado'." Kisha maneno yakamwagika, na ajabu ni kwamba hata yeye alikuwa na hasira, kana kwamba amedhulumiwa. "Lakini kila siku alikuwa anasema 'bado'. Kila siku, Afande. Bado, bado, halafu unamwona anatoka anatembea kama bwana harusi. Gari lilikuwa linangoja mbao, wakubwa wamepiga simu, mimi niko juu nachemka. Nikasema akiona mkono umeinuka atatoka mbio, atajifunza."

"Shimoni anauona mkono wako kwa wapi?"

Mama Vanishi alimrukia juu ya meza, na kama si watu wawili kumshika kiuno, kalamu ya meneja ingepata kazi ambayo haikutengenezewa. Mtaalamu alimfunga nyapara pingu na kumwongoza hadi mlangoni. Vizibo vyekundu vilikuwa bado shingoni, vikimgonga kifua kila hatua.

Meneja alianza kuivuta karatasi yake kuelekea kwake, taratibu, kama anayetoa mkono kwenye mdomo wa mbwa aliyelala. Afande aliiwekea kiganja.

"Iache hapo. Na wewe uketi. Wewe nami tuna mazungumzo yetu, kuhusu nani alikuwa anapiga simu kutaka mbao."

Katika vurugu yote hiyo Mzee Gogo hakuwa ameelewa zaidi ya nusu. Aliona nyapara akifungwa, aliona nyuso zikimgeukia yeye, na akajua siri yake iko mezani, wazi kama samaki aliyepasuliwa. Aliinama na kuitazama mikono yake.

"Mzee," alisema Afande, akichuchumaa ili mdomo wake uonekane. "Kwa nini hukusema uliona mkono wa nyapara?"

"Ningesemaje, mwanangu?" Sauti yake ilikuwa kubwa kupita kiasi, sauti ya mtu asiyejisikia akisema. "Watu wangeuliza, kwa nini ulitazama mkono, kwa nini hukusikiliza? Na mkono uliowasha ni huu. Hata ningetazama wapi, ni huu."

Mjane alikuwa ameshapita kati ya benchi. Wengi walidhani atamkumbatia, maana watu wanapenda mambo yaishe. Hakumkumbatia. Alisimama mbele yake, mahali ambapo hakuwa amesimama tangu mazishi, akamshika kidevu na kukiinua kama anavyofanyiwa mtoto mwenye uso mchafu.

"Siku ya mazishi," alisema, akifungua kila neno kwa midomo yake. "Mlangoni. Nilikuwa nyuma yako. Hukunisikia?"

Mzee alisoma hadi mwisho. Alitikisa kichwa: hapana.

"Kwa nini hukuniambia huwa husikii?"

"Ungeniambia niuache msumeno."

"Ningekuambia uuache, ndiyo. Mume wangu alikuwa chini yake." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, mikono yake ilikuwa na kazi. "Nina hasira na wewe, baba. Yule atafungwa na hasira yangu haitafungwa naye. Nitakuwa nayo leo, na kesho, na sijui hadi lini. Umesikia?"

Kichwa cha mzee kilianza kukubali, kwa mazoea ya miaka, ndiyo, ndiyo. Katikati kikasimama. Akamtazama binti yake machoni, si mdomoni.

"Sijasikia," alisema. "Nimeona."